Mpunga, Jumlisha Tatu

Saa tano usiku, Siem Reap, feni inanung'unika,
na mimi, Thavry, nimekabidhiwa taifa langu
kwenye lahajedwali la safu kumi na nne.
Wakhmer wameachiwa visanduku vitatu:
jeshi, jengo, shamba.
Mwisho ni Ijumaa.

Jeshi halikunisumbua. Nilikwenda Bayon na daftari,
nikasimama mbele ya ukuta mpaka mlinzi akanizoea.
Ndovu yumo, na mgongoni mwake upinde wa pinde mbili,
mmoja auvuta, mwenziwe alenga.
Nikaandika: ndovu, kurusha, jumlisha mbili.
Ila ukuta ule ule una muuza samaki na mizani yake,
una wanaume wakigombea jogoo,
una nguruwe anatumbukizwa chunguni,
una mwanamke anamtoa mwenziwe chawa, taratibu,
miaka mia nane hajamaliza kichwa kimoja.
Chawa niwape nyongeza gani?

Jengo, Vannrith alishaamua kabla hatujaketi:
hekalu, minara mitano, imani jumlisha nne,
"na muziki, Thavry, muziki wenye kengele."
Nikataja hospitali mia na mbili zilizochongwa kwenye jiwe,
na asali na ufuta wa wagonjwa uliohesabiwa.
Akasema hospitali kila taifa linayo.

Likabaki shamba. Hapo nilivimba kichwa, nakiri.
Nani mwingine ana mto unaogeuka,
unaopanda ulikotoka masika yakiwadia,
ukalijaza ziwa samaki mpaka mitini?
Nani ana bwawa la kuvuka nusu siku kwa miguu,
kuta zake udongo, udongo wake vikapu,
vikapu vyake mabega?
Nikaandika: kila mraba unaopakana na mfereji,
mpunga, jumlisha tatu.
Nikaupaka kijani.

Mama akaja na sahani ya embe bichi na chumvi.
Akainama, krama yake ikanigusa sikio.
"Hiki nini?"
"Mfereji, Mak. Ukiuchimba, mpunga unaongezeka mara hiyo hiyo."
Akautazama ule mstari wa bluu, mnyoofu kama rula.
"Mwaka sabini na saba nilichimba.
Meta tatu za ujazo kwa siku, nina miaka kumi na sita.
Jioni uji, punje unazihesabu ukitaka.
Nilikuwa nazihesabu."
Akatafuna embe.
"Ile tatu yangu alipewa nani?"

Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba cha nani.

Alipokwenda kulala nilifuta kijani.
Nikaandika upya, vidole vizito:
mfanyakazi asiyelishwa hachimbi.
Bwawa lisilozolewa tope zamu kumi linajaa mchanga.
Baada ya ukame mrefu, mvua moja kubwa yaweza kubomoa mfereji,
na mji hautekwi, hauungui,
watu wanafunga virago tu, wanaelekea kusini.

Vannrith alijibu alfajiri: "Hii ni adhabu, si faida.
Wachezaji hawataipenda."
Nikamjibu: "Mpunga bado ni tatu.
Nimeonyesha tu unatoka wapi."
Mpaka sasa kimya.

Jana nikamketisha Mama, nikamshikisha kipanya.
Nikamfundisha: huyu anajenga, huyu anapigana,
hapa unamaliza zamu.
Ndovu hakumtazama. Hekalu alilipita.
Akamtafuta mchimbaji, kijitu cha ukubwa wa punje,
akabonyeza kitufe ambacho sijaona mtu akikitumia:
Pumzika.
Akamtafuta wa pili. Pumzika. Wa tatu.
Akamaliza zamu, akaanza tena,
na bwawa likawa kahawia, na majirani wakajiandaa.
"Mak, unashindwa."
"Najua," akasema, akimsaka wa nne.

Kwenye safu ya kumi na nne, ya maoni,
nimeandika: kitufe cha kupumzika
kiongezwe ukubwa kidogo.
Mama haoni vizuri.