Kulwa na Doto, Todmorden

Bi Maureen Ackroyd anauza vifungo.
Vya pembe, vya mbao, vya shaba, vya ganda la chaza,
rafu tisa za vifungo katika jengo la mawe
linalopakana na mto Calder;
na hesabu yake yote, wateja, oda, madeni,
ilikuwa imelala sakafuni, stoo ya chini,
ndani ya seva moja ya miaka minane,
juu yake kikombe cha chai.

"Haijawahi kunisumbua," akasema.
Hata moyo husema hivyo, nikamjibu,
mpaka siku hiyo.

Nikatoa daftari, nikapiga mstari katikati.
Huku: kitu. Kule: kikifa, nani anashika?
Diski? Hakuna.
Umeme? Soketi moja, na birika limechomekwa hapo hapo.
Intaneti? Waya mmoja unaovuka daraja.
Nakala? "Ipo!" Akafurahi, akafungua droo,
akanionyesha diski ndogo ndani ya soksi,
hatua mbili kutoka kwenye seva.
Ukutani, juu kidogo ya vichwa vyetu,
mstari wa kahawia ulioachwa na mafuriko.
Hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake tazama.

Nilitaka kumwambia kidole kimoja hakivunji chawa,
nikahofia ataanza kujikuna.

Akauliza bei. Nikataja.
"Vifungo elfu sita," akasema, "vya kitu cha kukaa bure?"
Ndiyo. Unakinunua huku ukiomba usikitumie.
"Kama mwavuli."
Kama mwavuli, nikasema,
ingawa Todmorden mwavuli haupati likizo.

Tukapunguza hapa, tukaunga pale.
Seva mbili, za mtumba;
betri moja, ya kuzipa dakika ishirini za kuaga vizuri;
simu ya zamani ya Gareth wa ghalani iwe njia ya pili ya intaneti;
vyote ghorofa ya juu, maji yasikofika;
na kila usiku nakala isafiri
mpaka kwa mpwa wake, Carlisle, kwenye mto mwingine.
"Mito miwili haiwezi kukasirika usiku mmoja," akasema.
Inaweza. Lakini pesa zilikuwa zimeisha.

Nikazibandika majina: Kulwa. Doto.
"Ndiyo nini?"
Mapacha. Anayetangulia na anayefuata.

Sikumwambia kwamba Doto ni mimi.
Kwamba mwaka ule viza zilitoka mbili, yangu na ya dada,
na mama, ambaye hajawahi kugusa kompyuta,
alichukua pasi moja akaifungia sandukuni:
"Ndege moja haibebi wanangu wote."
Kulwa akabaki Kahama, anauza saruji.
Miaka kumi na moja sasa, na sijui bado
nani kati yetu ni seva, nani ni akiba.

Mpango usiojaribiwa ni uvumi.
Ijumaa, duka limefungwa, nikamwambia: Chomoa.
"Mimi?"
Wewe. Siku yenyewe mimi sitakuwepo.
Akaishika kebo kama mtu anayeshika shingo ya kuku,
akafumba macho, akachomoa.

Feni ya Kulwa ikanyamaza.
Sekunde kumi.
Ishirini. Gareth akaacha kutafuna.
Thelathini, na nikaanza kutafuta uongo wa kusema.
Arobaini na moja: taa ya Doto ikawa kijani,
na oda ikaingia, kutoka Inverness,
vifungo vinne vya koti.
Vinne tu. Bi Maureen akapiga makofi
kama aliyeuziwa meli.

Kisha akaligeuza daftari langu upande wake.
"Nenosiri analijua nani?"
Mimi.
"Na wewe ukianguka?"

Nililiandika mara mbili, bahasha mbili,
moja kwake, moja kwa Gareth aliyeilamba gundi kwa heshima kubwa.

Usiku nikapiga Kahama, kulikokwisha pita saa sita.
Simu ikalia. Ikalia.
Mlio wa tisa akapokea, sauti imejaa usingizi:
"Doto? Kuna nini?"
Hakuna, nikasema.
Najaribu tu.