Mkanda wa Jeshi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
moyo huu nilirudi nao Temeke kutoka Chennai
na unalima tangu siku ya kwanza.

Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
nawalaza askari wangu kwa vidonge
wasije wakamfukuza.

Tunu, mjukuu, alipopata mafua
nilimzuia mlangoni.
Akanipungia mkono dirishani, kamasi hadi mdomoni.
Nikadhani adui atapitia hapo.

Kumbe yumo ndani,
tetekuwanga ya darasa la pili, Mbagala,
kajibanza mgongoni miaka arobaini
akisikiliza lindo likisinzia.

Leo Muhimbili nimeshusha kanga:
malengelenge, ubavu mmoja, mstari mmoja.
"Mkanda wa jeshi," daktari akasema.

Jeshi lipi, mwanangu?
Langu limelala.