Bahasha Namba Arobaini na Moja

Kilimarondo, mwezi wa sita, umande haujakauka.
Tuwahi, maana kunde mwitu haina subira:
jua likifika utosini ganda hujisokota
kama nguo mikononi mwa mkamuaji,
kisha tak! na mbegu imeshakwenda zake,
hujui kama imeelekea Liwale au Ruvuma.

Nimevaa soksi mikononi. Chizenga alinicheka
mpaka upupu ulipomfundisha adabu.
Alijikuna hadi Mbwemkuru.

Ofisini walinipa orodha ya majina ya Kilatini
na picha za majani yaliyobanwa karatasini
tangu enzi ya reli ya karanga.
Reli ilishang'olewa.
Majani yale sikuyaona porini hata moja.

Aliyenionyesha ni Limbu, mchungaji,
aliyekuja na ng'ombe kutoka mbali,
na kijiji bado hakijaamua kama ni mgeni au mkazi.
"Usitazame majani," akaniambia. "Tazama ulimi."
Tukamfuata ng'ombe mwekundu, pembe moja imevunjika.
Akazipita nyasi ndefu kama apitaye watu asiowadai,
akainama kichakani, akatoa ulimi, akazungusha, akavuta.
"Hapo. Hicho anakipenda kuliko chumvi."

Kimmea kitambaacho, ua la njano
dogo kama kifungo cha shati la mtoto,
maganda yenye manyoya, mafupi, manne manne.
Nikachuma moja, nikaacha matano. Ndiyo sheria:
ardhi nayo ina watoto.
Nikaandika kwa penseli, kwa kuwa wino hukimbia jasho:
*41. Kilimarondo, bondeni, udongo mweusi.*
Jina sikulijua. Pale pa jina nikaweka:
*kipenzi cha mwekundu.*

Wiki mbili baadaye tukarudi. Moto ulikwishapita.
Bonde zima jeusi, visiki vinafuka,
na hakuna aliyesema nani aliuwasha.
Limbu amesimama, fimbo begani, hasemi.
Watu wa kijiji wanamtazama, nao hawasemi.
Yule mwekundu alinusa majivu,
akapiga chafya, akaondoka.

Bahasha ninayo. Nimezihesabu: mbegu mia na tisa,
kumi na tatu zimetobolewa na fukusi.
Ngozi yake ngumu, usipoisugua kwa msasa haioti.
Nimesugua tano tu, nyingine naziogopa.
Nimezifukia kwenye kopo la rangi nyuma ya jiko,
na kila alfajiri, kabla sijabandika chai,
nainama juu ya kopo, mikono magotini,
ulimi umenitoka kidogo bila kujua.