Nilivyokufa Simuni

Jumatatu asubuhi,
sijanawa na wajihi,
simu yalia: "Sahihi,
Shekuwe kenda peponi."

Shekuwe mwenyewe mimi,
ni hai, nina ulimi,
kikombe hakitetemi,
na chai i mkononi.

Mimi fundi wa redio,
mwenye kazi ya sikio,
nikasikiza kilio
changu mwenyewe kundini.

Kundi letu la mtaa,
la maji na la mkaa,
punda waliopotea,
leo matanga simuni.

Mmoja kaweka ua,
mwengine machozi, mvua;
Bunu, aliyechukua
elfu sita tangu Juni,

akasema kwa huzuni:
"Marehemu, buriani!
Alinisamehe deni
juzi tu, msikitini."

Naye mgombea kiti,
hajui yangu sauti,
kaweka picha ya suti,
kaniita "wa moyoni":

"Kwa heshima ya Shekuwe
nitataka taa ziwe
Langoni hadi Mokowe,
hata humo baharini."

Hizo taa nazijua:
huwaka ikiwadia
kura, kisha hufifia,
zikabaki midomoni.

Nikajibu: "Ni mzima!"
Zena, kiranja, kasema:
"Mwizi usio huruma,
umeiba matangani!"

Akanitoa upesi,
sina pa kuweka kesi,
si maiti wala nafsi,
si kundini, si shimoni.

Nikashika njia yangu
nikisalimu wenzangu,
wakasema: "Mola wangu!"
Wakatazama simuni.

Lali wa duka la nyuzi
katoa jicho la mbuzi:
"Tangazo lasema wazi,
wazikwa leo jioni."

Redio nimefungua
mamia; nachokijua
ni kutu na waya pia,
hakuna mkweli ndani.

Msoma habari naye,
unga ukipanda, yeye
huanza na achezaye
mpira wa ugenini.

Na kioo cha mkono
chenye picha na maneno,
kinacheka bila meno,
chajua walala lini.

Chaleta masharti mia:
"Bonyeza, umeridhia."
Na mimi huitikia
kama bwana harusini.

Mchango nao wapita
elfu tisa mia sita.
Nikasema: "Nazifata."
Zena kajibu: "Za nini?

Hizi ni za marehemu,
si za mtu mwenye hamu
ya chai. Subiri zamu
yako ya kulazwa chini."

Nikafuata habari
nyuma nyuma, kwa hadhari,
hadi kwa Mwenye Bakari,
analia uwanjani.

"Ni punda," asema, "punda!
Shekuwe nilompenda.
Mizigo ilimshinda,
akaanguka gatini.

Jina nilimpa lako:
ukaidi wake wako,
na masikio ni yako.
Niwie radhi, jirani."

Sikucheka. Sikununa.
Tukamzika mchana,
hapana aliyeona
wala kumweka simuni.

Magharibi, hodi hodi:
dada yangu, hakurudi
tangu ugomvi wa Idi,
mirathi, chumba cha chini.

Miaka sita kimya tu.
Kapanda basi la Witu
na sanda ya huyu mtu,
kaibeba mapajani.

Aliponiona hai
kanipiga, hajijui,
kisha kaandaa chai.
Sanda ikawa kitini.

Kundi likanirejesha;
mgombea, kwa bashasha,
picha akabadilisha:
"Pole, karibu nyumbani."

Bunu hakubabaika:
"Ni wewe ulofufuka;
deni halikufufuka,
liko huko kaburini."

Ule uzushi kamili
nimeuacha, ni kweli.
Msiniombe dalili:
dada yu chumba cha chini.