Mkato wa Kushoto

Niliteremka Chilundwa na masanduku mawili na dawa za kifua,
Mpare, mstaafu wa posta.
"Mbukwenyi," nikasema, kwa lafudhi ya Same,
watoto wakacheka mpaka mbuzi wakageuka.

Usiku ule ule shamba la Yaledi likapogolewa.

Hakikuibwa kitu. Hilo ndilo lililowaudhi.
Mistari minne ya mizabibu imekatwa safi,
matawi yamelazwa kando kama kuni za kuuzwa,
na Yaledi katikati, kofia mkononi,
hajui alie au ashukuru.

Usiku wa tatu, la Chidawali.
Wa tano, la mwalimu Msagala.
Kijiji kikahesabu siku, kikanihesabu na mimi.
Dukani nikiingia maneno yanakatika,
sukari yangu inapimwa kimyakimya.
Mwenyekiti Mbeleje akaja na daftari la wageni:
"Andika tena jina. Na kilichokuleta."
Nikaandika: hewa kavu.
Akasoma mara mbili, kama simu ya msiba.

Miaka thelathini na mmoja nimetazama mihuri na saini;
hawala ya kughushi naijua kwa mkia wa herufi.
Nikavaa miwani, nikainama shambani kwa Yaledi.
Kila tawi limekatwa mshazari,
na mishazari yote imelala upande
ambao mkono wa kulia haulazi.

Basi nikaanza kutazama mikono.
Kanisani, wakitoa sadaka. Bombani, wakiinua ndoo.
Katekista: kulia.
Fundi baiskeli: kulia.
Kijana wa bodaboda, anayeshukiwa kwa kila jambo:
kulia, na usiku hulala kama gunia.

Jumamosi Nyemo, mwenye nyumba wangu, akanikaribisha
ugali wa uwele na mlenda.
Aliusonga kwa kushoto.
Alipogeuza mwiko nikaona kiganja:
malengelenge matatu, moja limepasuka.

Sikusema kitu. Niliosha vyombo.
Juu ya kabati palikuwa na daftari la jalada la bluu,
mwandiko wa mwanamume, herufi zimebanana:
Yaledi, mistari minne, kalipa nusu.
Chidawali, sita, kalipa yote.
Majina saba, ya Februari na Machi.
Ukurasa wa Aprili ni mweupe.

"Aprili ndiyo tulimzika," Nyemo akasema, mgongo kanigeuzia.
"Msibani walitangaza, anayemdai marehemu ajitokeze.
Hao saba wakatazama chini.
Walinihurumia.
Huruma nayo ina riba, dada."
Akasuuza sufuria ambayo ilikwisha takata.
"Mchana wangenikataza. Na mkasi sikuwa nao,
ule wa Ndahani umeshikwa na kutu.
Kodi yako ndiyo iliyonunua mpya."

Kumbe kijiji hakikukosea sana.
Yote yalianza na mimi.

Likabaki shamba moja, la mwenyekiti.
Mwezi ulichelewa; baridi ya Mei ilituuma masikio.
Nilishika tochi, nimeifunika kwa leso,
na Nyemo akakata, akanong'ona hesabu,
akakata, kana kwamba analipa noti moja moja.
Saa tisa mkono ukamgoma.
Akanitazama.
Nikautoa mfukoni ule mkasi wa Ndahani,
niliokuwa nimeusugua kwa mchanga na mafuta ya taa.

Asubuhi Mbeleje alisimama kati ya mistari yake,
watu wamemzunguka, nami nyuma yao, mikono kwenye kanga.
Akainama. Akainuka.
Akaufikia mstari wa mwisho, akainama sana.
"Sasa wako wawili," akasema taratibu.

Nyemo alikuwa anahesabu chenji ya maandazi.

Macho ya mwenyekiti yakapita kwa kila mtu,
yakarudi, yakatulia kwenye plasta ya kidole changu
kilichochungulia nje ya kanga.
"Huyu wa kwanza, Mungu amlipe.
Wa pili kazi hajui. Amenikatia mpaka macho ya kuzaa."
Akalikunja daftari la wageni, akalitia kwapani.
"Mwambieni aje mchana. Nitamfundisha."