Tatu na Tarakimu Tatu

Mama alinizaa baada ya Mosi na Pili,
akachoka kutafuta majina.
Hapa Tandika, mlango wa bluu uliobanduka rangi,
wananiita Tatu Kandambili,
kwa kuwa navaa kandambili hata harusini.
Hakuna anayeniita Mwinshehe.
Mwinshehe ni jina la baba, linakaa kwenye vyeti
na kwenye kadi ya benki.
Lishike hilo.

Nilitaka ovaloki ya nyuzi nne.
Kariakoo wanasema laki tisa na hawashuki.
Usiku, kwenye simu, duka likanifungukia lenyewe:
laki tatu na nusu, mpaka mlangoni,
zimebaki mbili tu,
dakika tisa, dakika nane.
Mimi ninayeona mshono uliopinda nikiwa ng'ambo ya barabara
sikuiona herufi moja iliyozidi kwenye jina la duka,
kama kifungo kisicho na tundu.

Nikajaza. Namba ndefu ya mbele.
Mwezi, mwaka.
Wakaomba zile tatu za nyuma,
nikacheka peke yangu: wajina!
Nikawapa.

Mwizi wa kadi havunji kufuli.
Anaonja kwanza, kama mpishi na chumvi:
shilingi mia tano, saa nne na dakika kumi.
Ujumbe ukaingia, nikaupuuza.
Mia tano ni nini? Ni karanga.
Saa tano kasorobo, laki mbili na elfu kumi na mbili,
viatu,
katika mji ambao jina lake silitamki.

Ndipo simu ikaita.
Sauti ya kijana, laini, imepigwa pasi:
"Habari za usiku, Bi. Mwinshehe. Napiga kutoka benki.
Kuna wizi kwenye akaunti yako, tunauzuia sasa hivi.
Utapokea tarakimu sita. Nisomee."
Na kweli zikaja.
Nikasoma nne. Nne nzima, kwa mdomo wangu:
saba, sifuri, saba, mbili.
"Endelea, Bi. Mwinshehe."

Bi. Mwinshehe.
Nani huyo?
Hata Atupele wa dirisha la tatu pale benki
ananiita Tatu; sare yake nimeishona mimi.
Huyu ananijua kama kadi inavyonijua.
Na chini ya zile sita, kwa maandishi madogo:
usimpe mtu yeyote, hata sisi.

Nikakata.
Nikageuza kadi, nikapiga namba ya benki iliyoandikwa nyuma,
wakaifunga usiku uleule.

Asubuhi Atupele hakunigombeza.
Alitaka kuikata mbele yangu,
mkasi wa benki butu, nikamwazima wangu.
Akanipa nyingine, ya mtandaoni tu,
isiyolala na kitu:
nikitaka kununua, naitilia kiasi cha bei,
nikimaliza, imebaki pindo tupu.
Atakayeifungua fundo ataambulia kitambaa.

Zile laki mbili? Nilijaza fomu.
Hii ni wiki ya sita, wanachunguza.
Sitakudanganya kwamba zimerudi.

Ovaloki nilinunua Kariakoo,
laki tisa kasoro elfu kumi,
nikaijaribu palepale mbele ya muuzaji.
Inalia kama mashine ya kusaga, lakini ipo.

Wasichana wanaokuja kujifunza
nawafundisha haya kabla ya sindano:
jina la duka lipitishe kidole, herufi kwa herufi.
Bei ikikukonyeza, usiikonyeze.
Mia tano usiyoijua ni hodi,
piga kelele hapohapo, usingoje aingie.
Salma huwa anaandika. Wengine wanachezea simu.

Jana imeita tena.
Sauti nyingine, pasi ileile.
"Naongea na Bi. Mwinshehe?"
Nikamwambia amefika kwa fundi, asubiri kwenye benchi.
Nikailaza simu kando ya ovaloki,
nikakanyaga.