Pembeni mwa Ukurasa wa Nne

Ndahani,
makala yako nimeisoma mara mbili:
ya kwanza kwa jicho la rafiki, umeme ukiwapo,
ya pili kwa kandili, kwa jicho la mkwe.

Nianze na nilichokipenda, wala si kwa adabu.
Pale unaposema shairi lenye picha
ni nyumba ya milango miwili,
niliweka kalamu chini, nikatoka nje,
upepo wa Kizota ukanijaza vumbi mdomoni
nami bado naitafuna sentensi.

Sasa yaliyobaki. Keti.
Kurasa tatu za mwanzo unasafisha koo.
Picha ni nini, shairi ni nini,
kama vile msomaji kashuka jana kutoka mwezini.
Zikate. Najua zilikugharimu Jumamosi mbili.
Na mzabibu umeutaja mara tano;
sisi wa Dodoma tuna ugonjwa huo,
kila jambo tunalipogoa, kila jambo linachipua.
Bakiza mmoja. Au usibakize hata huo.
Michoro ya miambani kule Kolo
usiipitie kwa mistari miwili kama mgeni wa basi:
ama panda nayo mlima mpaka juu,
ama iache mwambani ilipo.

Halafu hili, lililoninyima usingizi.
Unasema picha hulieleza shairi.
Hulieleza? Kama mkalimani mahakamani?
Mbona wewe mwenyewe, kwenye tanbihi,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
umemficha yule mtoto wa Hombolo, Sechelela,
aliyepewa shairi la mvua alichoree,
akachora ndoo.
Ndoo tu, imegeuzwa kifudifudi,
na kuku amesimama juu yake.
Wingu hakuna. Tone hakuna.
Neno "mvua" limo mara kumi na moja katika beti,
kwenye picha halimo hata mara moja,
na hapo ndipo koo langu lilipokauka.
Ndahani, makala yako ni hiyo.
Mtoe mtoto huko chini, mpandishe, akae mbele,
na ndoo yake, na kuku wake.
Wewe kaa nyuma kidogo.

Utaona mahali karatasi imekwaruzika.
Niliandika "ovyo", nikafuta mpaka ikatoboka,
maana mwaka juzi ulipoisoma hadithi yangu
uliandika pembeni, "Hapa nimepotea, nishike mkono,"
hukuandika kwamba nimekupoteza.
Nimejaribu kukulipa kwa sarafu hiyohiyo.
Chenji haijatimia, nisamehe.

Ukurasa wa nne maneno yaliniishia kabisa.
Kuna jambo pale, kati ya aya ya pili na ya tatu,
linataka kusemwa na wewe umelikalia;
nimelizunguka saa nzima, sikulipatia jina.
Basi nimechora kuku.
Mguu mmoja umemzidi mwenzake.

Nakupa hadi Ijumaa.